Nyatiti, zeze na udi vya umeme: kutafuta kasoro kuanzia uzi hadi spika

Ala ya asili iliyofungwa pikapu, yaani kinasa mtikisiko wa ala, inaweza kuharibika kama ala, na inaweza kuharibika kama kifaa cha umeme. Taabu ni kwamba kasoro zote mbili husikika mahali pamoja, kwenye spika, na lawama ya kwanza humwendea aliyekaa kwenye miksa. Mara nyingi hana kosa. Ngozi imelegea, kisahani cha pikapu kimebanduka, betri imechoka. Na kuna nyakati hakuna kilichoharibika kabisa: mpigaji anapiga nyatiti kama ipasavyo, fundi sauti anausikia mkwaruzo wake, anadhani ni hitilafu, anaukata. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote, na nitalirudia huko chini.

Ninazozungumzia hapa ni ala tatu: nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi, zeze la Wagogo, lenye kibuyu na upinde, na udi wa taarab, wenye jozi tano za nyuzi na uzi mmoja mnene wa besi. Zote tatu hufungwa sana kisahani cha piezo, kile kibati cha shaba chenye duara jeupe la seramiki ambacho utakikuta pia ndani ya king'ora cha mlango au mwanasesere anayelia. Kikitikiswa hutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio sauti yako.

Anza bila umeme

Chomoa waya. Tafuta mahali palipotulia, piga uzi mmoja mmoja kwa upole, kisha kwa nguvu, usikilize kwa masikio matupu. Kama uzi unazama au unalia tofauti na jirani yake hata bila waya, hakuna kitufe cha miksa kitakachokusaidia. Kasoro iko kwenye mti, ngozi au uzi wenyewe. Kama ala inalia vizuri, chomeka tena na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja: waya kwanza, halafu tundu la miksa, halafu betri. Ukibadilisha vyote kwa mpigo sauti inaweza kurudi, lakini hutajua nini kilikuwa kibovu, na harusi ijayo utaanza upya.

Sauti nyembamba, ya bati, haina besi

Hii ndiyo dalili ya kila siku, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Watu hununua kisahani kingine, hubadilisha nyuzi, husema piezo ni takataka. Kwa kawaida kisahani ni kizima. Kimechomekwa pasipostahili.

Kisahani cha milimita 27 kina uwezo wa kapasita wa takriban nanofaradi 20. Ukikipeleka moja kwa moja kwenye tundu la laini la miksa, lenye ukinzani wa kiloomu 10 hivi, viwili hivyo kwa pamoja hugeuka kichujio cha kukata besi. Hesabu yake si ngumu: zidisha 2 kwa 3.14, zidisha kwa ukinzani, zidisha kwa kapasita, kisha gawa 1 kwa jibu hilo. Unapata karibu Hz 800. Chochote kilicho chini ya hapo kinapungua, na kadiri unavyoshuka ndivyo kinavyozidi kupotea. Uzi mnene wa udi, ukiwa umefungwa do au re, unalia kwenye Hz 65 au 73. Kwenye tundu lile huusikii uzi. Unasikia risha, kile kipigio cha udi, ikiugusa.

Sasa kichomeke kisahani hichohicho kwenye tundu lenye ukinzani wa megaomu 1. Mpaka unashuka hadi Hz 8, chini ya chochote ambacho sikio la mtu linaweza kushika. Ala ni ileile na waya ni uleule, lakini utadhani umebadilisha udi.

Kwa hiyo tafuta tundu lililoandikwa “Hi-Z” au “Inst”, au pitia amplifaya ya gitaa, ambayo kwa kawaida ina megaomu 1. Pasipokuwa na hivyo, tumia boksi la DI, kisanduku cha kuunganisha ala na miksa, linalotumia umeme wake lenyewe, yaani wa betri au wa volti 48 kutoka kwenye miksa. Boksi la DI lisilo na umeme ni afadhali kuliko kukosa, ila ukinzani wake ni kama kiloomu 100, na hapo mpaka unakuwa Hz 80: zeze litavumilia, udi utakosa mguu wa chini. Suluhisho ninalolipenda zaidi ni priampu (kikuza sauti cha awali) ndogo yenye transista ya FET iliyofungwa karibu na kisahani. Fundi wa redio anayejua kazi yake anaitengeneza kwa vifaa vichache vya bei ndogo.

Kama tayari una tundu sahihi na sauti bado ni ya bati, angalia mambo mawili. La kwanza ni kitufe cha sauti kilichofungwa kwenye ala. Mafundi wengi huchukua potenshomita kutoka redio mbovu, nayo ni ya kiloomu 10. Hiyo peke yake inakurudisha kwenye Hz 800 hata ukichomeka wapi. Ing'oe, au weka ya megaomu 1. La pili ni mahali kisahani kilipobandikwa. Karibu na ukingo wa ngozi, pale ilipokazwa, mtikisiko wa besi ni mdogo mno. Kibandike kwa muda kwa tepu ya pande mbili, kihamishe kidogo kidogo kuelekea mguu wa daraja huku mwenzako akipiga, na mahali pa haki patajitambulisha.

Usitibu dalili hii kwa kupandisha besi kwenye ikwalaiza. Utapandisha kilichopo, na kilichopo huko chini ni vumo la umeme na mluzi unaosubiri nafasi.

Kimya, au sauti inayokuja na kwenda

Ala nyingi zenye priampu ndani hazina swichi. Jeki, yaani tundu la waya kwenye ala, ndiyo swichi: ukichomeka waya, betri ya volti 9 inaanza kufanya kazi, na ukiuacha umechomekwa usiku kucha baada ya shughuli, betri inaendelea kuliwa bure. Chomoa upande wa ala kila unapopumzika.

Sauti ikirudi unapoushika waya pale unapoingia, jeki imelegea. Kibuyu hakina unene wa kushika nati; mtikisiko huifungua, jeki inazunguka, na nyaya za ndani zinajinyonga mpaka zinakatika pale zilipolehemiwa. Kuikaza kwa nje bila kuzitazama nyaya za ndani ni kuahirisha tu. Kwa maoni yangu, jeki isifungwe kwenye kibuyu kamwe. Iweke kwenye kisanduku kidogo kinachokaa kwenye mkanda wa mpigaji, na kutoka hapo waya mwepesi upande hadi kwenye kisahani. Mtu akijikwaa kwenye waya, zeze linasalimika.

Ukilazimika kulehemu kisahani, waya mmoja huenda kwenye shaba na mwingine kwenye ile rangi ya fedha juu ya seramiki. Paka risasi ya kulehemu kwenye ncha ya waya kwanza, kisha gusa kwa pasi na uondoe mara moja. Ukikawia, rangi ya fedha inabanduka na seramiki inapoteza nguvu kwa joto. Kisahani kilichounguzwa hivyo hakinyamazi, na ndiyo maana hupoteza watu muda: kinaendelea kulia, ila kwa sauti ndogo na kavu.

Vumo lisilokoma

Umeme wa gridi yetu ni wa Hz 50, na vumo lake husikika kwenye Hz 50 na 100. Hizo ziko jirani sana na noti ya sol, kwa hiyo mpigaji wa udi mwenye sikio zuri atalitambua haraka. Kabla ya kufanya lolote, shika chuma cha jeki kwa vidole. Vumo likipungua, ala haina kinga ya kutosha. Lisipobadilika, tafuta kwenye nyaya za umeme za jukwaa.

Kukosa kinga ni ugonjwa wa kuzaliwa wa ala hizi. Kwenye gitaa la umeme nyuzi za chuma zimeunganishwa na ethi ya waya wa sauti, na mkono wa mpigaji unasaidia kutuliza kelele. Nyatiti ya leo imefungwa nailoni ya mshipi wa kuvulia. Hakuna cha kuunganisha. Dawa ni kukifunika kisahani chenyewe. Kizungushie tepu isiyopitisha umeme, juu yake weka foili ya shaba, na uunganishe foili hiyo na waya wa nje wa kebo, uleule unaoenda kwenye shaba ya kisahani. Foili ya alumini ya jikoni nayo inafaa, lakini haishiki risasi, kwa hiyo bana waya mtupu chini yake kwa tepu ngumu. Waya kati ya kisahani na priampu uwe mfupi na uwe wenye kinga. Waya wa bei rahisi pia hutoa mkoromo ukikanyagwa, jambo ambalo usingelisikia kwenye maikrofoni ya kawaida. Hapa linasikika kwa sababu ya ukinzani mkubwa wa njia nzima.

Vumo la jukwaa kwa kawaida linatokana na vifaa viwili vilivyochukua umeme kwenye soketi tofauti, kwa mfano kinanda upande huu na amplifaya upande ule. Lisha vyote kutoka soketi moja. Likibaki, bonyeza kitufe cha kuondoa ethi kwenye boksi la DI.

Kitufe hicho kinagusa waya wa sauti tu, na hapo ndipo ruhusa inapoishia. Usikate wala kukunja pini ya ethi ya plagi, wala usitumie plagi ya pini mbili kulazimisha vumo likatike. Wapo wanaofanya hivyo kila wikendi, hasa kwenye jenereta. Mpigaji wa zeze lenye nyuzi za chuma anashika chuma kilichounganishwa na amplifaya, kisha anasogeza mdomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa na kifaa kingine. Amplifaya ikivujisha umeme na ethi haipo, njia ya umeme ni mwili wake. Heri vumo.

Mkwaruzo: umeharibika au ndio wenyewe?

Nyatiti haikutengenezwa ili itoe sauti safi ya kinubi. Ina mkwaruzo wa nyuki ndani yake, na msikilizaji aliyekulia karibu na Ziwa Victoria anausubiri. Obokano ya Wakisii ina mngurumo mzito zaidi. Begena ya Ethiopia huwekewa vipande vya ngozi kati ya kila uzi na daraja, makusudi, ili uzi ungurume. Ukikata mkwaruzo huo kwa ikwalaiza umeondoa nusu ya ala, na mpigaji mzee hatakuambia. Atapiga kwa unyonge, ashuke.

Lakini kisahani cha piezo nacho kinaweza kukwaruza kwa ubovu, na ni lazima ujue kutofautisha. Njia ni hii. Mpigaji apige uzi mmoja kwa upole sana, kisha azidishe polepole. Mkwaruzo halali upo tangu pigo dogo, unakua pamoja na noti, na unafifia nayo hadi mwisho. Mkwaruzo wa umeme haupo kwenye pigo dogo; unaibuka ghafla nguvu ikipita kiwango fulani, unakaa mwanzoni mwa noti tu, na noti ikishuka unakatika kama ulivyoanza.

Ukiwa wa umeme, tazama taa nyekundu ya miksa. Ikiwaka, punguza geini. Isipowaka, tatizo liko kabla ya miksa, na mshukiwa wa kwanza ni betri: ipime, na ikiwa chini ya volti 7 itupe. Betri ikiwa nzima, basi pigo lenyewe limeizidi priampu. Piezo hutoa kilele kikubwa sana uzi unapoguswa, kikubwa kuliko mwili wa noti unaofuata. Sogeza kisahani mbali kidogo na mguu wa daraja, au weka kipande chembamba cha ngozi kati yake na mti.

Kuna mkwaruzo wa tatu, nao ni ubovu wa ala: kisahani kilichobanduka upande mmoja kikigonga mti. Huu unasikika bila umeme ukiweka sikio karibu, na unabadilika ukibonyeza ngozi kwa kidole juu ya mahali kilipo.

Kwenye zeze, upinde hukwangua nyuzi na piezo hukuza ukwanguzi huo hadi masikio yanauma. Hapo kupunguza kati ya Hz 2,000 na 4,000 ni halali kabisa, ila punguza kidogo kidogo mpigaji akiwa anapiga, na umuulize yeye pa kuachia.

Mluzi

Bakuli lililowambwa ngozi limetengenezwa kuitikia sauti. Spika ikilielekea, linaitikia spika, kisahani kinabeba mwitikio huo, na duara linafunga. Kwa hiyo anza na mahali, si na miksa. Spika ya mpigaji ikae pembeni yake, isimwelekee tumboni. Spika kubwa ziwe mbele yake. Mpigaji wa nyatiti hukaa chini, ala ikiwa karibu na sakafu, na jukwaa la mbao lenye spika ya besi juu yake humtikisa kupitia kigoda. Mkeka mzito au kipande cha godoro chini ya kigoda hufanya kazi ambayo ikwalaiza haiwezi.

Kisha bonyeza kitufe cha kugeuza fezi, kama kipo. Hakigharimu chochote, na kwa mluzi wa chini mara nyingi kinatosha. Kwenye udi, ziba tundu kubwa kwa kifuniko cha mpira au kadibodi. Kwenye kibuyu, tia sponji ndani, kidogo. Ukijaza, zeze litakuwa bubu hata bila umeme.

Mluzi ukibaki, fungua programu ya kutuni kwenye simu uone ni noti gani. Ikisema la na ni ya chini, kwa mfano, punguza Hz 110 kwa mkato mwembamba. Mkato mpana utaondoa na noti za jirani.

Uzi mmoja unapiga kelele, mwingine haupo

Daraja la nyatiti halijagundishwa. Limeshikwa na mkazo wa nyuzi juu ya ngozi. Kisahani kikiwa chini ya mguu mmoja, nyuzi za upande huo zitatawala. Weka visahani viwili, kimoja kila upande, uviunganishe sambamba. Uwezo wa kapasita unajumlika kuwa nanofaradi 40, na besi inanufaika. Hakikisha nyaya hazijapishana: shaba kwa shaba, fedha kwa fedha. Zikipishana, visahani vinafutana na utapata sauti ndogo yenye mashimo.

Pikapu ya sumaku haishiki kitu

Sumaku inahitaji chuma. Nailoni na utumbo haviihusu, kwa hiyo pikapu ya gitaa juu ya nyatiti yenye mshipi itakaa kimya milele, na kwenye udi haitafaa hata kama nyuzi nene zimezungushiwa waya, kwa kuwa waya huo ni wa shaba. Kwenye zeze lenye nyuzi za chuma inafanya kazi vizuri, na inavumilia mluzi kuliko piezo. Kinshasa, kundi la Konono No. 1 lilitengeneza pikapu za likembe, ala ya ndimi zinazopigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Ziliweza kwa sababu ndimi za likembe ni za chuma.

Sauti inabadilika hewa ikibadilika

Mombasa au Unguja, jioni ya unyevu, ngozi inalegea, daraja linazama, na shinikizo juu ya kisahani linapungua. Utasikia sauti ikififia na kuwa kavu huku nyuzi zikishuka. Fundi wa ngoma angeianika ngozi juani au kuisogeza kwenye moto. Usifanye hivyo ikiwa kisahani na priampu vimo ndani: gundi inayeyuka, betri inavimba. Tumia kikausha nywele kwa moto mdogo, kutoka nje, ukikipitisha bila kukituliza mahali pamoja. Tepu ya pande mbili haidumu Pwani. Gundi ya epoksi inadumu, mradi uwe na hakika na mahali ulipochagua, kwa sababu hutakibandua kisahani kikiwa kizima.

Mguu unafunika nyuzi

Mpigaji wa nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugonga nayo mti wa ala, na huvaa gara, njuga za mguuni. Kwenye spika, kishindo hicho kinaweza kutoka kama nyundo. Usimwambie aivue pete. Washa kichujio cha kukata besi cha miksa, ukikipandisha hadi chini kidogo ya uzi wake mnene kuliko yote, kisha weka maikrofoni ya kawaida karibu na mguu, kwenye chaneli yake. Nyuzi zitoke kwenye piezo, mdundo utoke kwenye maikrofoni, na kila kimoja ukipandishe kwa kadiri yake. Kama chaneli zimebaki moja tu, baki na maikrofoni na uondoe piezo: maikrofoni ikae sentimita 20 hivi kutoka kwenye ngozi, ielekee kati ya daraja na kidole cha mguu.